Maswali ya Wasomaji: Ukurasa Uundwe Wapi, Data Iletwe Lini?

Barua nyingi zilizonifikia tangu toleo lililopita zinazunguka jambo moja: ukurasa wa wavuti uundwe na nani, seva au kivinjari, na data inayoingia ndani yake ifuatwe wakati gani. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu majibu mengine yanaegemea hapo.

Tunabishana wiki ya pili sasa

*Shikamoo, mwalimu. Mimi ni msanidi programu, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Tumepewa kazi ya kujenga tovuti ya maktaba. Kuna orodha ya vitabu, kuna ukurasa wa kila kitabu unaoonyesha kama kipo rafuni au kimeazimwa, na kuna ukurasa wa msomaji mwenyewe wenye vitabu alivyochukua. Mwenzangu mmoja anataka kila kitu kiundwe ndani ya kivinjari kwa React, zana ya kujengea kurasa kwa JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa na kivinjari. Mwingine anataka seva iunde kila ukurasa unapoombwa. Kiongozi wetu anasema kurasa ziundwe mapema, zikae kama faili za kawaida. Tumfuate nani?*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kila mmoja wenu anatazama ukurasa tofauti wa tovuti ileile. Kabla sijawagawia kazi, nikukumbushe njia hizi tatu zilitoka wapi, maana mwenye kujua chanzo cha dawa hukosea dozi mara chache.

Kurasa za kwanza kabisa, zile za Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa faili tu. Seva iliombwa faili, ikatoa faili. Watu walipotaka kurasa zinazobadilika kufuatana na anayeuliza, ikaja CGI, njia ya seva kuendesha programu, mwaka 1993, kisha PHP, lugha ya programu za seva, mwaka 1995, na seva ikaanza kuunda ukurasa upya kwa kila ombi. Mwaka 1999 Microsoft waliweka ndani ya Internet Explorer 5 kitu kinachoruhusu ukurasa uliokwisha kufunguka kwenda kuomba data bila kufunguliwa upya. Gmail ya 2004 na Google Maps ya 2005 zikaonyesha dunia nzima faida yake. React ilipotolewa kwa umma mwaka 2013, wengi tulihamishia kazi yote kwenye kivinjari, na hapo tukazua tatizo jipya: HTML (maandishi ambayo kivinjari huyageuza kuwa ukurasa) inayofika ni tupu, kivinjari kinapakua JavaScript, kinaisoma, kinaiendesha, halafu ndipo kinaanza kuomba data. Mwenye simu dhaifu anatazama weupe mtupu. Next.js, mfumo uliojengwa juu ya React, ilipokuja mwaka 2016 ilikuwa inarudisha kazi ya kwanza kwa seva bila kuiacha React.

Njia ya mwisho haikuzifuta zile za kabla yake. Kila moja ilikuja kutibu ugonjwa wake, na magonjwa yote hayo bado yapo.

Sasa kazi yenu. Mimi huanza na data, si na ukurasa. Kwa kila kipande cha data nauliza maswali mawili: hiki ni cha nani, cha watu wote au cha mtu mmoja? Na kikichakaa kwa muda gani kitaanza kumdanganya anayekisoma?

Jina la kitabu, mwandishi, mwaka wa kuchapishwa, picha ya jalada: hivi ni vya watu wote, na vinaweza kukaa miezi bila kubadilika. Hapa kiongozi wenu yuko sahihi. Undeni mapema. Kama vitabu ni elfu chache, ziundwe zote kila mnapopandisha toleo jipya. Kama ni laki kadhaa, msingoje kuunda zote. Kila ukurasa uundwe mara ya kwanza unapoombwa, kisha nakala yake iwekwe kwenye akiba (cache), hifadhi ya nakala zinazotolewa tena bila kuundwa upya. HTTP yenyewe, kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva, ina maelekezo ya kazi hii. Tazameni `stale-while-revalidate`, iliyoelezwa katika waraka wa kanuni za mtandao RFC 5861 wa mwaka 2010: akiba humpa mgeni nakala iliyopo papo hapo, na yenyewe kwa wakati huohuo ikaenda kuchukua mpya kwa ajili ya atakayefuata. Kwa jina la kitabu hilo halimdhuru mtu yeyote.

Lakini mstari unaosema "kipo rafuni" ni jambo jingine kabisa. Ni wa watu wote, ndiyo, ila mtu atatoka nyumbani kwake kwa kuuamini mstari huo. Ukiuweka kwenye akiba kwa saa sita, umemtuma mtu safari ya bure. Kwa hiyo kipande hicho kiletwe kibichi kila mara. Ningeuacha ukurasa uundwe mapema, na kivinjari kilete mstari huo mmoja tu baada ya ukurasa kufika. Tengeni nafasi yake tangu mwanzo, kwa urefu uleule, ili maneno ya chini yasiruke unapoingia. Google huupima mruko huo kwa jina la CLS, na kipimo kizuri hakizidi 0.1. Na msisahau: hali inayoonyeshwa ni taarifa tu. Msomaji akibofya kitufe cha kuazima, seva lazima iiangalie hifadhidata upya kabla ya kukubali, hata kama skrini ilisema kipo sekunde tano zilizopita.

Ukurasa wa msomaji mwenyewe ni wa mtu mmoja. Hakuna wa kuundiwa mapema, wala hakuna injini ya utafutaji inayopaswa kuuona. Hapo mwenzenu wa seva yuko sahihi: seva ithibitishe kuki ya mhusika (alama ndogo ambayo kivinjari huituma kumtambulisha), ichukue vitabu vyake, itoe HTML iliyokamilika. Nakala isiwekwe kwenye akiba ya pamoja. Hili nitalirudia kwenye barua ya mwisho, kwa sababu lina madhara.

Na mwenzenu wa React? Mmesahau mtu mmoja katika orodha yenu: mtunza maktaba. Yeye hufungua skrini yake asubuhi na kuifanyia kazi mpaka jioni. Anapokea vitabu, anasahihisha majina, anapanga foleni ya wanaosubiri. Kwake sekunde tatu za kupakua JavaScript zinalipwa mara moja kwa siku, na baada ya hapo kila bofyo ni jepesi. Kazi ya namna hiyo, ya kukaa mahali pamoja na kushika vitu vingi, ndiyo iliyostahili kuundiwa kwenye kivinjari tangu zamani: ramani, lahajedwali, zana za kuchora. Anayeingia dakika moja kuangalia kitabu kimoja hapaswi kubebeshwa mzigo wa mtunza maktaba.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Niliwahi kujenga ukurasa wa matokeo ya mtihani kwa taasisi moja. Niliujenga wote ndani ya kivinjari, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikijenga kila kitu mwaka ule. Saa iliyotangazwa ilipofika, watahiniwa wakafungua pamoja. Kila kivinjari kikapakua JavaScript, kisha kikatuma maombi matano: jina la mtihani, masomo, alama, daraja, kituo. Hifadhidata ikazidiwa ndani ya dakika chache. Watoto wale wakakaa wanatazama kiduara kinachozunguka, siku ambayo hofu yao ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Na matokeo yenyewe yalikuwa yamekamilika siku mbili kabla, wala yasingebadilika tena! Yangeundwa mapema, faili moja kwa kila mtahiniwa nyuma ya namba yake ya siri, hifadhidata isingeguswa hata mara moja. Kosa lilikuwa langu: nilichagua njia kwanza, kisha nikailazimisha kazi iifuate.

Kwa hiyo msichague njia moja ya tovuti nzima. Mifumo ya sasa, Next.js, Nuxt, SvelteKit, Astro, yote inaruhusu kila ukurasa uwe na njia yake. Kaeni wote wanne, andikeni kila kipande cha data kwenye karatasi, mkijibie yale maswali mawili. Mtashangaa ubishi utakavyopungua.

Viduara vinne, kimoja baada ya kingine

*Ukurasa wetu wa mradi unaonyesha kiduara cha kusubiri, kikiisha kinatokea kingine chini yake, halafu kingine, mpaka vinne. Nimepima: kila ombi peke yake ni robo sekunde. Mbona mtumiaji analalamika kwamba anangoja mno?*

Kaka, robo sekunde mara nne ni sekunde nzima, na hujaweka muda wa kupakua JavaScript kabla ombi la kwanza halijatoka. Maombi yako yamepangwa ngazi, moja linapanda juu ya mgongo wa jingine.

Nadhani naijua sababu, kwa sababu ulinitumia kipande cha programu. Kila sehemu ya ukurasa inajiletea data yake ndani ya `useEffect` ya React. Kitu hicho hakianzi kazi mpaka sehemu iwe imekwisha kuchorwa. Sehemu mzazi inachorwa, inaomba, inangoja. Data ikifika ndipo mtoto anazaliwa, naye anaanza kuomba. Mjukuu hajui hata kama atahitajika. Ni mpangilio unaopendeza kuusoma, kwa kuwa kila sehemu imebeba mahitaji yake, lakini mtumiaji ndiye anayelipa gharama.

Na gharama hiyo ina kiwango ambacho hakishuki hata ukinunua vifaa bora kuliko vyote. Nuru ndani ya nyaya za fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 8,000, kwenda na kurudi ni kilomita 16,000, yaani sehemu 80 za elfu za sekunde hata kama seva ingejibu bila kufikiri. Ngazi nne ni mara nne ya hizo, kabla hujahesabu foleni za mtandao wa simu.

Fanya hivi. Fungua zana za msanidi ndani ya kivinjari, nenda sehemu ya mtandao, punguza kasi kwa makusudi, upakie ukurasa upya. Utaziona ngazi kwa macho. Kisha uliza, kati ya maombi hayo manne, ni lipi kweli linahitaji jibu la jingine? Kwa kawaida ni moja, mengine yanangojana bure. Yale yasiyohusiana yaanze kwa pamoja tangu anwani ya ukurasa inapojulikana, juu kabisa, si ndani ya sehemu. Mifumo mingi ina mahali maalumu pa kazi hii kwenye kila njia ya ukurasa. Ukiyakusanya kwa `Promise.all`, amri ya JavaScript ya kungoja maombi yote pamoja, kumbuka kwamba moja likishindwa yote yanahesabiwa yameshindwa. Kama ukurasa unaweza kuishi bila orodha ya maoni, tumia `Promise.allSettled` uonyeshe kilichopatikana.

Lile linalotegemea jingine lihamishie kwenye seva. Kule hifadhidata iko jirani, na hatua mbili zinazofuatana zinakula muda mdogo sana ukilinganisha na safari ya kuvuka bahari mara mbili. Seva ikikamilisha, itume jibu moja.

Baada ya hapo viduara vinne vitakuwa kimoja, na huenda usikihitaji kabisa. Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kwamba hadi sekunde 1 mtu huona kuchelewa lakini mawazo yake hayakatiki. Kiduara kinachotokea na kutoweka kabla ya hapo kinamsumbua macho tu.

Je, tuhamie GraphQL?

*Tuko watatu, tuna tovuti moja na seva moja ya kwetu wenyewe. Kuna shinikizo tuhamie GraphQL, lugha ya kuomba data ambamo ukurasa wenyewe hutaja umbo la data unayoitaka. Unatushauri nini, dada?*

Msihamie. Facebook waliianza mwaka 2012 kwa ajili ya programu zao za simu, wakaitoa kwa umma mwaka 2015; walikuwa na timu nyingi na skrini nyingi, kila moja ikitaka umbo lake la data. Ninyi mnaoandika ukurasa ndio mnaoandika seva. Mkihitaji umbo jipya, ongezeni anwani moja inayolitoa. Mtabaki pia na akiba ya kawaida ya HTTP, ambayo maombi ya POST (aina ya ombi la kupeleka data kwa seva) kwa anwani moja, kama yanavyotumwa mara nyingi katika GraphQL, hayanufaiki nayo bila kazi ya ziada. Siku mtakapokuwa na programu tatu za timu tatu, niandikieni tena.

Matokeo ya neno la zamani yanafunika mapya

*Nina kisanduku cha kutafutia. Mtu akiandika haraka, wakati mwingine matokeo ya herufi tatu za mwanzo yanatokea mwishoni na kufuta matokeo sahihi. Nimeweka subira ya sehemu 300 za elfu za sekunde kabla ya kutuma ombi. Imepungua, haijaisha.*

Na haitaisha kwa subira, ndugu yangu. Umepunguza idadi ya maombi, jambo zuri kwa seva yako, lakini ugonjwa wenyewe ni kwamba majibu hayana wajibu wa kurudi kwa mpangilio yalivyotumwa. Ombi la "kit" linaweza kukwama njiani na kufika baada ya jibu la "kitabu". Programu yako inapokea lolote linalofika na kulionyesha.

Kila unapotuma ombi jipya, lighairi la zamani kwa `AbortController`. Ni kitu cha kivinjari chenyewe, hakihitaji maktaba ya programu. Ukiwa ndani ya React, ghairi kwenye ile kazi (function) ya usafi inayorudishwa na `useEffect`. Ukitumia TanStack Query, zana ya kuleta na kuhifadhi data, weka neno linalotafutwa ndani ya ufunguo wa ombi, nayo itajua jibu lipi ni la neno lipi.

Ongeza jambo moja ambalo hukuniuliza: neno linalotafutwa liwe ndani ya anwani ya ukurasa. Mtu akifungua tokeo kisha akarudi nyuma, atakuta utafutaji wake ulivyokuwa. Anaweza kumtumia mwenzake kiungo. Na kisanduku hicho kikiwa fomu ya kweli inayotuma kwa GET (ombi la kawaida la kuchukua ukurasa), seva inaweza kuunda ukurasa wa matokeo hata pale JavaScript ilipokwama kupakuliwa. Nimeona tovuti nyingi nzuri ambazo kisanduku cha kutafutia ni picha tu mpaka faili la mwisho lifike. Hilo linaniuma, kwa kuwa kutafuta ndiyo kazi ya kwanza ya mgeni.

Ameona jina la mtu mwingine

*Mwalimu, nina hofu. Tuliweka akiba mbele ya seva ili kurasa ziwe nyepesi. Jana mtumiaji mmoja alituma picha ya skrini: ameingia kwa akaunti yake, lakini juu ya ukurasa kuna jina na barua pepe ya mtu mwingine. Nianzie wapi?*

Anza kwa kuizima akiba hiyo kwenye kurasa zote zinazohitaji kuingia kwa akaunti, na ufute nakala zote zilizomo. Fanya sasa, kabla ya kumaliza kusoma. Tovuti nzito kwa siku mbili ni tatizo dogo. Hili si dogo.

Kisha tafuta chanzo katika sehemu mbili. Ya kwanza ni akiba yenyewe. Seva iliunda ukurasa wa mtu wa kwanza, akiba ikaona anwani tu, ikahifadhi, ikampa wa pili mwenye anwani ileile. Kila jibu lenye habari za mtu binafsi libebe `Cache-Control: private, no-store`. Na kanuni ianze upande wa usalama: hakuna kinachoingia kwenye akiba ya pamoja mpaka mmekiruhusu kwa jina. Kuweka kila kitu kisha kutoa vichache ndiko kulikowafikisha hapo, naamini.

Sehemu ya pili imejificha zaidi, na iliwahi kunipata mimi. Ndani ya kivinjari programu ina mtumiaji mmoja, hivyo tumezoea kuweka "mtumiaji wa sasa" katika kigezo (variable) kimoja juu ya faili. Programu hiyohiyo ukiipeleka kwenye seva, mchakato mmoja unahudumia mamia ya watu, na kigezo kile ni kimoja kwa wote. Ombi la kwanza linaandika jina, linangoja hifadhidata. Ombi la pili linaandika jina jingine. La kwanza linarudi na kusoma jina lisilo lake. Nilitafuta hitilafu hiyo siku nne, kwa sababu kwenye kompyuta yangu, nikiwa peke yangu, haikutokea kamwe. Pitia kila kigezo kilicho nje ya kazi (function) ndani ya programu inayoendeshwa na seva. Chochote kinachomhusu mtu kipitishwe pamoja na ombi lake, kife pamoja nalo.

Ukishatengeneza, usijaribu peke yako kwa akaunti moja. Fungua akaunti mbili katika vivinjari viwili, kisha andika jaribio linalotuma maombi ya wote wawili kwa kupishana, mamia kwa mara moja, na kulinganisha jina kwenye kila jibu. Liache jaribio hilo liendeshwe kila mnapopandisha toleo.

Na yule ambaye jina na barua pepe yake vimeonekana kwenye skrini ya mwingine, mwandikie leo. Mweleze kilichoonekana, tangu lini, na mmefanya nini. Pitia pia kumbukumbu za seva kwa siku zote ambazo akiba ilikuwa imewashwa, maana aliyetuma picha ni yule tu aliyegundua.